Kiboko Apimwa Unyonge

Ngano inapita!
— Ipite hapa!
Ina miguu?
— Minne!
Ina mkia?
— Utuonyeshe!

Asubuhi moja, siku ya pili baada ya msitu kuungua, Kiboko alikaa juu ya jiwe kivukoni akawasubiri waliokimbia moto.

Wanyama wa bondeni walikuwa wamechanga maboga na kutenga kivuli cha mkuyu. Wakasema: hivi ni vya wanyonge. Wakampa Kiboko kazi ya kuwatambua, na wakakubaliana kwamba maboga yatakayobaki atayala yeye. Hapo ndipo walipokosea.

Wa kwanza alikuwa Kobe.

"Umekujaje?" akauliza Kiboko.

"Kwa miguu, baba. Ndiyo kwanza nafika."

"Mwenye miguu ana nguvu. Kaa juani!"

Kwachu! Boga likaenda.

Akaja Bibi Panya.

"Umekujaje?"

"Nimebebwa na mjukuu wangu."

"Kumbe una ndugu! Mwenye ndugu si mnyonge. Kaa juani!"

Kwachu! Boga likaenda.

Akaja Digidigi. Tumbo lilikuwa kubwa, siku zake za kuzaa zimefika. Tangu moto uwake hakuwa amesema neno.

"Umekujaje?"

Kimya.

"Asiyelalamika hana shida. Kaa juani!"

Kwachu!

Digidigi akajilaza juu ya mawe. Mawe yalikuwa yakichoma. Nyuma yake alisimama Kindi. Akamtazama Digidigi, akayatazama maboga, akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekujaje?"

"Mimi mzima, mzee, boga silitaki. Nimekuja kukujulia hali. Mbona macho yamekutoka hivyo?"

"Ndivyo nilivyozaliwa."

"Na unahema."

"Nimeshiba."

"Haya, afadhali. Maana nasikia mnyonge kuliko wote atapewa shamba zima la maboga ng'ambo. Nikasema, mzee wetu halimhusu, yeye mzima."

Kiboko akaacha kutafuna.

"Nani kasema mimi mzima?"

"Basi tukupime, mzee?"

"Nipimeni! Upesi!"

Kindi, pu! Akarukia jiwe la Kiboko. Kiboko akasimama kwenye foleni. Wanyama wote wakasogea.

"Umekujaje hapa?"

"Kwa miguu."

"Mwenye miguu ana nguvu, mzee."

"Upuuzi! Mtu anaweza kutembea huku ndani amekwisha!"

"Tumesikia!" wakasema wanyama.

"Una ndugu?"

"Wamejaa mto mzima. Wananiondolea maumivu wao?"

"Tumesikia!"

"Mbona basi hukuwahi kulalamika?"

Kiboko akapiga mguu chini, tii! "Mengine hayasemeki, we mtoto! Anayenyamaza ndiye anayeumia zaidi!"

"Tumesikia! Tumesikia!"

"Hongera, mzee," akasema Kindi. "Umefaulu. Wewe ni mnyonge."

"Shamba langu liko wapi?"

"Taratibu. Mnyonge hafanyi kazi, wala hakai juani. Ingia majini upumzike."

"Na maboga?"

"Moja. Kama kila mnyonge."

Kiboko akataka kubisha, kisha akalikumbuka shamba. Mwenye shamba zima agombee boga moja? Akaingia majini, chubwi! Akajitahidi kuonekana mgonjwa.

Kindi akageukia foleni. "Kobe, unatembea huku ndani umekwisha?"

"Nimekwisha, mwanangu. Hata nje."

"Ingia kivulini. Bibi Panya, ndugu wanakuondolea maumivu?"

"Huyu mjukuu? Huyu ndiye anayeniongezea!"

"Ingia, bibi."

Digidigi hakuulizwa. Kobe na Bibi Panya walimshika huku na huku, wakampeleka chini ya mkuyu.

Wazee wa bonde walipoulizwa kuhusu shamba, walisema hawajawahi kulisikia.

Fundisho la ngano hii ni hili: ukikimbia moto, hakikisha umeungua mahali panapoonekana. Uje umebebwa, lakini na mtu usiyemjua. Ulie, ila kwa sauti ya wastani. Na mpimaji apewe vinavyobaki, apate moyo wa kazi.

Ngano imepita!
— Mkia tumeuona!

Kabla jua halijazama, Digidigi alizaa kivulini. Neno lake la kwanza tangu moto lilikuwa jina la mtoto. Kiboko bado yuko majini, pua nje, anaulizia shamba.