Mashtaka ya Mize

Hapo zamani, enzi za kofia za viua kushonwa kwa sindano, kitundu baada ya kitundu, palikuwa na malkia mwenye nyumba ya washonaji. Wote walikuwa wanawake, na msimamizi wao alikuwa mzee mmoja mpole aitwaye Bwana Shee.

Nyumba ile ilikuwa ndefu na yenye kiza. Ilikuwa na dirisha moja tu la maana, na chini ya dirisha hilo alikaa Mize. Alikaa hapo tangu usichana wake. Mtu akivaa kofia ya Mize, watu walimsimamisha njiani waitazame.

Akaja mshonaji mpya, jina lake Tumu. Mize ndiye aliyemfundisha. Alimwonyesha namna ya kutoboa kitambaa bila kukichana, na namna ya kuzungusha uzi usilegee. Tumu alijifunza upesi. Alijifunza upesi kuliko Mize alivyotaka.

Siku moja malkia alikuja kutazama kazi. Akaokota kofia moja, akaigeuza nje ndani, akasema, "Mize, leo umejishinda mwenyewe."

"Si yangu, bibi," Mize akajibu. "Ni ya Tumu."

Malkia akamtazama Tumu, akatabasamu. Mize akaona.

Haukupita muda, Bwana Shee akamjia Mize. "Mwanangu, hamia kule ukutani. Hapa dirishani atakaa Tumu."

"Kwa nini, bwana?"

"Ni amri ya malkia."

Mize akakusanya nyuzi zake, akahamia ukutani.

Kisha Tumu akaanza kuondoka alasiri, ilhali wenzake wanashona mpaka jua linazama. Mize akauliza, "Na hilo, bwana?"

"Hilo nalo ni amri ya malkia."

Akanyamaza, lakini moyoni hakukuwa na kimya. Akitunga uzi, jicho kwa Tumu. Akila, jicho kwa Tumu. Tumu akicheka, Mize hujiuliza, ananicheka mimi? Tumu akinyamaza, hujiuliza, anaringa? Tumu alipomwamkia, "Shikamoo, dada Mize," hata ile shikamoo aliiona ni ya kejeli. Kule ukutani alilazimika kukisogeza kitambaa karibu na pua ili akione, na kila alipoinua kichwa alimwona mwanafunzi wake amekaa kwenye mwanga, mwanga uliokuwa wake.

Mize alikuwa na shoga yake, Mwanakombo, wakishona bega kwa bega. Akamwambia, "Nakwenda kushtaki kwa malkia."

Mwanakombo akaacha sindano. "Shoga yangu, usiende."

"Nipe sababu."

"Sababu sina. Usiende tu."

"Huna sababu, au na wewe Tumu amekwisha kukuteka?"

Mwanakombo akainama, akaendelea kushona. Basi Mize akajitanda nguo yake nzuri, akaenda barazani mchana, watu wamejaa, akasimama mbele ya malkia.

"Bibi, nimekuja kushtaki. Namshtaki Bwana Shee kwa upendeleo, na namshtaki Tumu kwa kuupokea. Mimi nimetolewa mahali pangu, yeye amepewa. Sisi tunashona mpaka jioni, yeye anakwenda zake alasiri. Tukiuliza tunaambiwa ni amri yako. Nataka nisikie kwako mwenyewe."

Malkia akakunja uso. "Sikutoa amri hiyo. Kesho waje wote."

Mize alitoka barazani kifua mbele. Lakini alipofika kazini, habari zilikuwa zimemtangulia. Alipoingia, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja alivuta tu kikapu chake karibu, kama anayempisha mgeni.

Mize akaketi. Mikono ikamtoka jasho, uzi mweupe ukaingia uchafu. Maneno yake ya barazani yakamrudia moja moja. Kule yalikuwa maneno ya haki. Sasa aliyasikia kama kilio cha mtoto aliyenyimwa nafasi kwenye sinia. "Mimi nimetolewa, yeye amepewa." Uso ukamwaka moto. Alitamani kurudi kwa malkia na kumwambia, sahau, sikusema kitu.

Akainua macho. Wanawake walikuwa wamemzunguka Tumu, mmoja anamfuta machozi, mwingine anampapasa mgongo. Mize, pamoja na aibu yake yote, akamwonea wivu hata kwa yale machozi.

Kesho yake wakasimama mbele ya malkia. Bwana Shee hakujitetea. "Nimesema uongo, bibi. Nimelitumia jina lako bila idhini yako."

"Kwa ajili gani?"

Mzee akamtazama Tumu. Tumu akasogea mbele, akasema, "Kwa ajili yangu. Macho yangu yanaingia ukungu. Mbali na dirisha sioni kitundu. Jua likishuka sioni sindano. Na sheria ya nyumba yako ni kwamba mshonaji akiugua macho hutolewa. Nilimlilia Bwana Shee, akanionea huruma."

Malkia akauliza, "Nani mwingine alijua?"

"Mimi," akasema Mwanakombo. "Tumu aliniambia, akaniapisha."

Mize akageuka. Kitu cha kwanza kilichomtoka kinywani hakikuwa pole. "Alikwambia wewe? Mimi niliyemfundisha, akakwambia wewe?"

Watu wakamsikia. Naye akajisikia. Akajifunika uso, akatoka, akaenda kwao, na kazini hakurudi tena. Maji alichota njia ya nyuma, asikutane na mtu. Akisikia vicheko barabarani, alifunga mlango.

Malkia alikata shauri hivi. Bwana Shee akaondolewa usimamizi, kwa kuwa alimsingizia mtawala wake. Lakini malkia alipoingia mwenyewe katika ile nyumba na kukaa ukutani, akajaribu kutunga uzi, akashindwa. Akaagiza ukuta uvunjwe, madirisha yawekwe pande zote. Akaamuru pasiwe na mtu wa kushona baada ya alasiri. Na ile sheria ya kufukuza wagonjwa wa macho akaifuta. Wanawake waliokuwa wakirudi nyumbani vichwa vinawagonga wakapata nafuu. Tumu akabaki na kazi yake.

Ikabaki kumpata msimamizi mpya. Malkia akawaita wanawake watatu, Tumu, Mwanakombo na Mize. Mize alikuja akiwa amejitanda, yanaonekana macho tu.

"Ninyi watatu ndio mliobadilisha nyumba hii," malkia akasema. "Mmoja wenu ataisimamia. Kila mtu anieleze kwa nini awe yeye."

Tumu akasema, "Mimi nimeteseka kuliko wote. Siri yangu imeanikwa mbele ya mji mzima. Hata hivyo ulipouliza sikumwacha Bwana Shee aangamie peke yake. Nilisema kweli nikijua itanitoa kazini. Na kwa kazi ya mikono, wewe mwenyewe umezisifu kofia zangu."

Mwanakombo akasema, "Mimi nilipewa siri nikaitunza, ingawa nilimpoteza shoga yangu kwa sababu hiyo. Sikutaka dirisha wala sifa. Msimamizi huambiwa mambo ya watu. Nani atamwambia jambo lake mtu asiyeweza kufunga mdomo?"

Mize akaiteremsha nguo usoni.

"Nilikuja kwako kwa wivu, bibi, siwezi kukuficha. Na wivu wenyewe haujaisha, hata sasa nikiwatazama hawa wawili walivyosimama karibu karibu. Lakini nilikuja mchana, mbele za watu. Sikumsema mtu pembeni. Niliuliza jambo ambalo nilikuwa na haki ya kuuliza, na nilikuwa nimedanganywa kweli. Tumu alikaa mahali pangu akaniona ninavyohangaika kizani, akanyamaza. Mwanakombo alijua, akaniacha niende nikaaibike. Kama nami ningenyamaza, ule ukuta ungekuwepo mpaka leo, na wote wangepofuka mmoja mmoja."

"Huo ukuta hukuuvunja kwa ajili yetu," Tumu akamwambia.

"Sikuuvunja kwa ajili yenu," Mize akajibu. "Lakini umevunjika."

Malkia akawatazama kwa zamu. Akasema apewe muda wa kufikiri, akaingia ndani, na inasemekana mpaka anazikwa alikuwa bado anafikiri.

Basi ninyi mlionisikiliza, msiniangalie mimi. Yuko aliyenyang'anywa siri yake na bado akasema kweli. Yuko aliyetunza siri ya mmoja akamwacha mwingine aingie shimoni. Na yuko aliyeleta mema kwa moyo uliojaa wivu, akabaki na aibu. Je, usimamizi ule alistahili nani?