Mpaka Luhende Arudi

Shukeni hapo juu ya jiwe, nyie watundu! Jiwe hilo lina mwenyewe. Kaeni chini niwaambie, maana nikinyamaza mtalisukuma.

Zamani ardhi zilikuwa zikitembea. Mtu alilala na mlima mlangoni, akiamka haupo. Ardhi yetu ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote, nzito, tena tiifu kupita kiasi. Ukiiambia neno, imeshika.

Basi aliishi hapa mjane mmoja, Nkwimba, na mwanawe wa pekee, Luhende, mboni ya jicho lake. Kijana akaaga, anakwenda mashariki kuchukua chumvi. Mama akaingiwa na hofu: ardhi ikihama, mtoto akirudi atakuta nini? Akaipiga ardhi kwa kisigino, akasema, "Tulia papa hapa. Usisogee mpaka Luhende arudi." Kisha akapandanisha mawe, jiwe juu ya jiwe, ili mwanawe ayaone kutoka mbali.

Ardhi ikatulia. Msimu wa kuhama ulipofika, ardhi jirani zikaja kuiita: "Dada, twende." Haikusogea. Zikaishika, hii ikavuta mashariki, ile magharibi. Yetu haikukatika, ng'o! Zilizochanika ni zenyewe. Bonde likafunguka upande huu, jingine upande ule, na moto ukatoka ukajenga milima.

Luhende alikuwa karibu kufika, mzigo wa chumvi begani. Bonde lilifunguka mbele ya miguu yake. Nkwimba alikimbia mpaka ukingoni, akamwona ng'ambo, ardhi ya kule inamchukua.

"Mama! Nipite wapi?"

Masikini, yule mama alipiga chini kwa ngumi. "Inuka! Mfuate!"

Ardhi ikajibu, "Ulisema mpaka arudi, mama. Hajarudi."

Laiti angesema, "Mpaka nikuambie"! Lakini majuto ni mjukuu. Alimtazama mwanawe mpaka akapotea machoni. Mimi hapa kila mara huniuma, na nimehadithia miaka mingi.

Na tangu siku hiyo majirani zetu wanatetemeka na kutema moto, huku kwetu kumetulia. Hatuna milima mirefu. Mvua inatumomonyoa taratibu, mawe yamebaki yamepandana vilevile, na ardhi bado inangoja.

Kwa hiyo msilipande tena. Mkiliangusha, mtoto wa watu atajuaje kwao ni wapi?