Miguu ya Mfalme wa Kopa

Hapo kale mfalme wa karata alikuwa na miguu. Malkia naye alikuwa nayo, na ghulamu, wote wakisimama wima karatasini tangu kilemba hadi kiatu. Wapo wanaosema karata zililetwa na wageni zikiwa hivi hivi zilivyo, na waseme tu, ulimi ni wao. Sisi wa Mtangani tunajua miguu ile ilikwenda wapi na ni nani aliyeikata.

Alikuwapo mchoraji mmoja, Fundi Mshamu, na mkewe Mwanatumu aliyekuwa akimsagia rangi. Mji mzima ulikuwa na jozi moja tu ya karata, nayo ilikuwa kazi ya mkono wake. Alizichora sura za watu aliowajua. Ghulamu wa pau alikuwa mchunga mbuzi na bakora yake, na malkia wa uru alikuwa Somoe, dada yake fundi, na kipini chake puani. Mfalme wa kopa akajichora mwenyewe, kikombe cha kahawa mkononi na makubazi miguuni, la kushoto gidamu yake imeshonwa kwa uzi mwekundu. Juu ya hao kulikuwa na turufu ishirini na mbili: jua, mwezi, mnara unaobomoka, mzururaji anayefukuzwa na mbwa, na wenzao.

Karata enzi hizo zilikuwa za kuchezwa, basi. Hakuna aliyeziuliza habari za kesho. Kila Siku ya Mwaka, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini waliketi mkekani, wawili kwa wawili, na mtaa ulioshinda ulikaa na karata hadi Mwaka mwingine. Ulioshinda mara tatu mfululizo, zinakuwa zake moja kwa moja.

Siku moja rangi nyekundu ikaisha. Fundi Mshamu akavaa makubazi yake, akamwambia mkewe atarudi kabla ya mvua, akaenda bara kuitafuta. Mvua zikaja, yeye hakuja. Baadaye ikafika habari kwamba homa ilimchukua njiani na wamemzika huko huko. Mwanatumu akabaki na sura moja tu ya mumewe, nayo ilikuwa karata.

Mwaka huo akachezea Mtaa wa Chini, Somoe wifi yake akiwa mwenzake, wakashindwa. Karata zikaenda Mtaa wa Juu nyumbani kwa Bwana Chande, mtu mpole mwenye jicho kali. Mwaka wa pili wakashindwa tena. Mwanatumu alikuwa mchezaji hodari, akikumbuka kila karata iliyotoka, lakini Chande alijua alichoshika kama aliyesimama nyuma yake. Mwanatumu akalaumu bahati. Mara ngapi alipita mbele ya nyumba ile akitafuta kisingizio cha kubisha hodi, kisha akarudi kwake bila kubisha, na uchungu wake hakumwambia mtu.

Mwaka wa tatu ukakaribia. Desturi ilikuwa karata zirudi kwa mke wa fundi siku moja kabla, azifute vumbi na kuzitia rangi palipofifia. Asubuhi hiyo Somoe alimkuta amezitandaza sakafuni, mfalme wa kopa mapajani. Akaketi, akasema jambo alilolificha miaka miwili.

"Wifi, mkono wako ndio unaotushinda. Karata yenye mtu ikikujia kichwa chini, unaigeuza. Zile nyingine huzigusi. Chande hatazami uso wako, anatazama vidole."

Mwanatumu akavitazama vidole vyake. Hakuwa amejua kwamba anafanya hivyo.

"Kesho usigeuze," Somoe akasema.

"Nimwache kaka yako kichwa chini, mbele za watu?"

Somoe akamtazama malkia wa uru pale sakafuni. Mkono ule ule ndio uliomsimamisha na yeye kila alipoanguka.

Alipoondoka, Mwanatumu alijaribu. Akamlaza mfalme kichwa chini, akaficha mikono mgongoni, akaanza kuhesabu hadi kumi. Akaona kile kikombe kama kinamwaga kahawa. Hakufika saba, akamsimamisha. Akajaribu tena na tena, na kila mara mkono ulimtangulia. Akajua kwamba kesho atampoteza kabisa.

Ndipo akachukua kisu cha mumewe. Mmoja baada ya mwingine akawakata kiunoni, na mahali pa miguu akabandika karatasi mpya, akachora kichwa cha pili sawa na cha kwanza, kikitazama upande wa pili. Sura zile alizijua kwa moyo. Mfalme wa kopa akamwacha wa mwisho. Kisu kilipofika kiunoni mwake akayaona yale makubazi, akalia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemzuia mtu mlangoni:

"Safari hii huendi."

Akakata. Turufu ishirini na mbili hakuzifikia, siku ilikuwa imekwisha.

Kesho yake Chande alifungua karata akakunja uso, akauliza watu hawa wamefanywa nini. Mwanatumu akamjibu kwamba wamechoka kusimama. Wazee wa mitaa yote miwili wakazikagua, wakaona hakuna aliyepunjwa, wakaamua mchezo uchezwe bila zile turufu, maana hazikubadilishwa. Chande akavitazama vidole vya Mwanatumu tangu asubuhi hadi alasiri. Vidole vilitulia. Mtaa wa Chini ukashinda, na mfalme wa kopa akarudi nyumbani kwake.

Chande hakukasirika. Aliomba tu apewe zile turufu zenye miguu, akapewa. Akawa anazipanga mbele ya wageni wake, akitazama ipi imesimama na ipi imeanguka, kisha akiwaambia yaliyo moyoni mwao, maana kuwasoma watu alikwisha kuzoea. Ndiyo sababu karata za wapiga ramli zina watu wenye miguu hadi leo. Asiye na miguu hana pa kuangukia.

Mwanatumu naye, watu walipotawanyika, alimtoa mfalme wake. Akamgeuza huku, yu wima. Akamgeuza kule, yu wima. Alifurahi, kisha furaha ikamwisha, kwa kuwa kumsimamisha ndiyo huduma pekee aliyokuwa bado anamfanyia, na sasa mfalme hakuihitaji tena. Kile kipande chenye makubazi akakifunga kwenye pindo la leso yake, na hakukitoa tena.

Tangu Mwaka ule mfalme wa karata ana vichwa viwili na hana miguu. Lakini keti karibu na mtu mzima anapocheza. Akigawiwa mfalme, utaona vidole vyake vinamgeuza polepole, ingawa juu na chini ni kichwa kile kile. Usimcheke wala usimwambie kitu. Mwache amsimamishe.