Mwenye Mikia Miwili

Mwanamke mmoja alikuwa na kijito cha kulinda. Jina lake Namkunda, mjane wa huko milimani Upare, na kazi hiyo aliirithi kwa mama yake: kila asubuhi, kabla ndoo ya kwanza haijatumbukizwa, hupindua jiwe moja na kutazama chini yake. Akimkuta mdudu fulani bapa, wa rangi ya udongo, huita watu wateke. Mdudu huyo ana mikia miwili. Miwili, ndugu zangu, si mitatu. Wa mitatu ni jirani yake tu. Na kwapani ana vishungi vyeupe vya kuvutia pumzi, ndiyo maana maji yakiharibika yeye hutangulia kufa.

Basi akachaguliwa mwenyekiti mpya, Mchome, mtu wa usafi. Loo, usafi wa Mchome! Alipopindua jiwe akaona miguu inakimbia, alitema mate. Akaamuru kijito cha Namkunda kizibwe kwa udongo, na kijiji kizima kiteke kijito cha pili, ambacho mawe yake yalikuwa matupu, yanang'aa kama sahani za arusi. Watu wakashangilia. Namkunda wakamwita mfuga wadudu.

Haukupita mwezi, watoto wakaanza kutapika. Naserian, mjukuu wa Namkunda, akalala siku tatu bila kuinua kichwa. Bibi aliumia, jamani, aliumia sana. Akapanda mpaka juu ya kizibo, akachukua mdudu mmoja katika sufuria ya maji yake, akaja nayo mkutanoni. Akamwomba Mchome amimine humo kikombe kimoja cha maji ya kijito cha pili, yale maji safi. Mchome akamimina huku akicheka. Mdudu akaanza kujiinua na kujishusha, kujiinua na kujishusha, akitafuta pumzi. Kisha akatulia, amekufa.

Namkunda akasema, "Mwenyekiti, maji yaliyomshinda huyu, mjukuu wangu hayanywi tena."

Wakaondoka wote, wazee kwa vijana, wakafuata kijito cha pili kupanda juu. Kule juu wakakuta bomba la kupulizia kahawa dawa, limeoshwa majini, limeanikwa juu ya jiwe. Mchome alilitambua bomba lake. Lakini mpeni haki yake: hakutoa udhuru. Alishika jembe mwenyewe, akauvunja ule udongo, na maji ya Namkunda yakashuka kwa kishindo, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. Naserian alikunywa, akainuka, akadai ugali.

Bomba halikurudi tena kule juu. Mwaka wa pili, kwenye mawe ya kile kijito cha pili kilichokuwa kimekufa, Mchome aliona maganda makavu ya wadudu yaliyopasuka mgongoni, na wenyewe wameota mabawa wakaenda zao. Akalipindua jiwe, akapiga magoti, akahesabu. "Miwili!" akapiga kelele, mzee mzima, analia na kucheka. Namkunda alishuka akacheka naye.

Nawe uliyeifagia nyumba yako ikang'aa hivyo, ni mdogo gani aliyeshindwa kuishi humo?