Ukuta wa Barabarani

Bwana Makungu, mwenye nyumba, alimpa mpangaji wake siku mbili. "Wateja wanakuja kuitazama nyumba. Ipake rangi nyeupe, nisione doa, kisha utafute pa kuhamia."

"Niuzie mimi, baba," alisema Bi Siwatu, muuza vitumbua. "Akiba ninayo."

"Hiyo kanunulie unga."

Bi Siwatu alideki, akapaka kuta zote mara mbili, ila ule wa barabarani mara moja.

Siku ya wateja, Bwana Makungu aliingia kwa mlango wa uani, akaketi sebuleni na jagi la juisi. Mteja wa kwanza alifika barazani, akakumbuka ana msiba. Wa pili hakuzima hata gari. Wa tatu aliuliza, "Mama, hapa ukutani palikuwa na nini?"

"Hapana kitu, mwanangu. Mwenye nyumba kasema pawe peupe."

Naye akaondoka mbio.

Baada ya wiki tatu za namna hiyo, Bwana Makungu aliipokea akiba ya vitumbua, akatia saini. Ndipo akauliza, "Hivi walikuwa wanaona nini?"

"Ile X nyekundu ya nyumba za kubomolewa. Inachungulia chini ya rangi."

"Nyumba yangu haijawahi kuwekwa X!"

"Haijawahi, baba. Niliichora mwenyewe, ndipo nikaifunika. Karibu juisi."