Uji wa Mama Wakesho

"Mdomo husifu, bakuli husema." Mmeisikia leo mkacheka, sasa mwataka kujua imetoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwako binti wa Kitaita, Mghoi, aliyetumwa kuwahoji akina mama wajawazito kuhusu programu ya simu ya kuitia gari la wagonjwa. Programu ya kwanza ilisifiwa kila nyumba. Uchungu ulipomshika mama mmoja, simu haikumsaidia. Akajifungulia njiani, mtoto akafa. Sasa ilikuja ya pili, na Mghoi ndiye wa kusema kama inafaa.

Akapanda milima, akashuka, miguu ikavimba. Kila alipouliza, "Mnaionaje?" jibu lilikuwa moja: "Nzuri sana, dada." Ni sifa zile zile za mara ya kwanza. Zilimchosha kuliko vilima, na alikuwa na hofu.

Jioni akafika kwa Mama Wakesho, mjamzito wa miezi minane. Naye akaisifu programu, kisha akamkaribisha mgeni uji.

"Uji mtamu?"

"Mtamu sana, Mama Wakesho. Asante."

Mwenyeji akachungulia bakuli. "Mbona limejaa vile vile? Uji umeungua, dada, hata mimi nausikia moshi. Mdomo wasifu, bakuli lasema!"

Mghoi akaona haya. Kisha akaweka bakuli chini, akamwangalia mwenzake. "Na programu yangu je?"

"Nzuri..." Mama Wakesho alianza.

"Usiniambie. Tuseme uchungu umekushika sasa hivi. Niitie gari."

Mama Wakesho akashika simu, akahangaika nayo kidogo, akabonyeza kitufe chekundu. Hatari si nyekundu? Lakini chekundu kilikuwa cha kughairi.

"Sasa gari linakuja?" aliuliza, mkono tumboni.

"Haliji," Mghoi alisema, machozi yakimlenga.

Kesho yake aliwaambia wakubwa wake kwamba programu haifai. Walinuna, akawaacha na kununa kwao. Akazirudia nyumba zote zilizoisifu, miguu ikimuuma, wala hakumuuliza mtu anaionaje. Alisema tu, "Niitie gari," akatazama vidole. Karibu wote walibonyeza chekundu, na wengine waliendelea kuisifu huku wakisubiri gari ambalo halikuitwa.

Hawakuwa waongo, wanangu. Walikuwa na adabu, na adabu ile ingewaua. Mdomo husifu, bakuli husema.