Karatasi ya Mwisho ya Chifu Kirindo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana waliohusika wangali hai na mmoja wao huenda amekaa hapa katikati yetu, palikuwa na wasichana watatu wa kidato cha nne katika shule ya misheni kule milima ya Taita. Mmoja aliitwa Mghoi, wa pili Mkawasi, wa tatu Wakesho. Mghoi alikuwa na vitabu. Mkawasi alikuwa na mdomo. Wakesho alikuwa na Biblia, na hofu ya Mungu, na hofu ya mtihani iliyoizidi kidogo ile ya Mungu.

Mtihani wenyewe ulikuwa na vilima viwili. Kilima cha kwanza Bayolojia, mwili wa binadamu wote: moyo, mapafu, figo. Kilima cha pili tamthilia, habari za Chifu Kirindo aliyeifunga chemchemi ya kijiji kwa kufuli ili watu wampigie magoti ndipo wanywe. Vitabu vyote viwili vilikuwa vya Mghoi, nakala moja moja. Sasa wafanyeje? Wakafanya wanavyofanya wanafunzi wa huko: wakavipasua. Kila kitabu vipande vitatu, kila msichana kipande chake, na kila Ijumaa wanabadilishana.

Mghoi akasoma, akakariri. Wakesho akasoma, akasali, akasahau. Mkawasi akasoma, akainuka, akaigiza.

"Nyinyi mnasoma kama mnaomeza dawa chungu," alisema Mkawasi. Walikuwa nyuma ya jiko la shule, juu ya magogo ya kuni. "Hebu tazameni. Hii chemchemi ya Chifu ndiyo figo. Damu ni wanakijiji, wanakuja na ndoo zao, mna maji, mna takataka. Mimi mlinzi wa lango, nachuja. Sukari, rudi nyumbani! Maji, wengi wenu rudini! Na wewe uchafu usiye na haya, teremka kibofuni!"

Akamshika Wakesho mabega, akamteremsha kibofuni, yaani ndani ya pipa la maganda ya viazi. Wakacheka mpaka mpishi akawatimua kwa mwiko. Lakini tangu siku hiyo Wakesho, ambaye muhula uliopita alipata alama kumi na tisa za Bayolojia, hakuisahau figo tena.

Basi kipande cha mwisho cha tamthilia kilianzia kwa Wakesho. Karatasi ya mwisho kabisa ilikuwa imelegea, akaichomeka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, isipotee. Ijumaa akampa Mkawasi kipande, karatasi akaisahau. Kusahau si dhambi. Jumapili, kanisani, akafungua Zaburi akaiona. Kuona nako si dhambi. Alikuwa ameshageuka ili ampe Mkawasi aliyeketi nyuma yake, ndipo Sista Perpetua, mkuu wa chuo cha wauguzi cha misheni, akasimama kutoa tangazo.

"Mwaka huu nina nafasi moja tu kwa shule hii. Atakayeongoza Bayolojia na Kiswahili, alama zikijumlishwa, nitampokea."

Wakesho akageuka tena mbele. Akafunga Biblia. Shangazi aliyemlea alikuwa ameshamwambia, "Ukimaliza mtihani kuna mama mmoja Voi anatafuta yaya. Begi lako nimeshalishona zipu." Nafasi ile ndiyo iliyokuwa kati yake na begi hilo. Mola amsamehe, na sisi atusamehe, maana si wengi wetu ambao tungeifungua ile Biblia tena.

Mkawasi naye akasoma kipande chake, akafika mwisho, akakuta hakuna mwisho. Akadhani ameupoteza yeye. Akautafuta mpaka chini ya kitanda, kwa kuwa Mghoi alikuwa anaweza kukunyima maongezi wiki nzima kwa ajili ya ukurasa uliokunjika pembe.

Ijumaa ilipofika, Mghoi akauliza, "Wee Mkawasi, mbona Chifu kaachwa njiani? Mwisho uko wapi?"

"Umeangukia sufuria ya uji, dada. Lakini usihofu, nimeushika wote kichwani. Kaa nikuonyeshe."

Akajishika kiuno, akayumba, akatoa macho. Chifu Kirindo, aliyewanyima wengine maji, figo zake zimegoma! Siku tatu haendi haja ndogo, uso umevimba kama andazi, anakufa mbele ya kufuli lake mwenyewe, ufunguo mkononi. Mghoi akalia kwa uchungu. "Yaani Mungu hafichwi," alisema, akachukua kalamu akaandika.

Wakesho naye akalia, lakini machozi ya aina nyingine. Karatasi ilikuwa mapajani pake, ndani ya Zaburi, wala haikuwa na kifo. Ilikuwa na Chifu mzima wa afya, aliyepoteza ufunguo, amempigia magoti bibi kizee ambaye yeye Chifu aliwahi kumfukuza chemchemini, akiomba maji. Na pazia linashuka kabla bibi hajajibu.

Wakesho akaikumbatia Biblia, akaondoka nayo.

Ikaja siku ya kuombea kalamu. Watahiniwa wote wakasimama uwanjani, kalamu juu, padre akapita na maji ya baraka akiomba, "Bwana, mikono hii isiandike ila kweli." Wakesho aliinua kalamu kwa mkono wa kulia na Biblia kwa mkono wa kushoto. Maji yakaanguka juu ya vyote viwili.

Mtihani ukaja. Bayolojia ikauliza figo, na wote watatu wakatabasamu, wakaandika. Kiswahili kikauliza mwandishi alivyoimaliza tamthilia. Mghoi akaandika kifo cha figo, kwa hati nzuri. Mkawasi akaandika kifo cha figo, maana alikuwa amekiigiza mara nyingi hata yeye mwenyewe amekiamini. Wakesho akaandika magoti na pazia.

Alama zikatoka, hawa watatu wakiongoza shule nzima: Wakesho mia na hamsini na moja, Mghoi mia na arobaini na tisa, Mkawasi mia na arobaini. Shangazi akalirudisha begi juu ya kabati, akachinja kuku. Wakesho hakuweza kumla. Siku ya tatu akaenda kwa Sista Perpetua, akaweka karatasi mezani, akasema yote. Sista akawaita Mghoi na Mkawasi.

Mghoi akasema, "Sista, vitabu ni vyangu. Nilikubali vipasuliwe ili wenzangu wasome. Nimepungukiwa alama mbili, na swali hilo moja limeninyima sita. Mmoja kanificha kweli, mwingine kanilisha uongo. Kosa langu ni lipi? Kuwaamini?"

Mkawasi akasema, "Ni kweli nilidanganya. Lakini waulize, Sista, hiyo figo waliyoijibu ni ya nani? Ni ya kitabu au ni yangu? Huyu Wakesho bila lile pipa la maganda angekuwa Voi sasa hivi anabembeleza mtoto wa watu."

Wakesho akasema, "Mimi sijaja kudai. Nimeiba. Ila ukiniuliza kama nimesoma, nimesoma, na hakuna aliyenilazimisha kuja hapa."

"Ungekuja kabla ya mtihani," alisema Mghoi.

"Ningekuja kabla, ningekuwa mwema kuliko nilivyo."

Sista Perpetua akavua miwani, akaifuta.

"Wodini nimeona wauguzi wa kila namna," akasema. "Yuko anayeficha kosa, halafu dhamiri ikimwamsha anakiri, wakati mgonjwa ameshaumia. Yuko asiyejua dawa, akaitaja kwa ujasiri mpaka daktari akasadiki. Na yuko anayeandika kila anachoambiwa. Mghoi, nakala nyingine ya kitabu hicho ilikuwa kwa mwalimu wako, hatua ishirini kutoka kwenye hizo kuni. Ulienda?"

"Sikwenda, Sista," alisema Mghoi.

Sista akaandika barua ya kumpokea mwanafunzi. Akaandika tarehe, akaandika salamu, akaweka sahihi. Mahali pa jina akapaacha peupe, akawasukumia kalamu wote watatu, akatoka kwenda kusali.

Nami ninaishia hapo, maana pazia limeshuka. Lakini wewe unayesikiliza, iko siku utalazwa, uso umevimba, figo zimegoma, na mlango wa wodi utafunguka. Je, ungependa aingie nani na sindano: mwenye vitabu, mwenye mdomo, au mwenye Biblia?